Oili inatiririka kwenye maungio ya hedi: kabla hamjaongeza kukaza

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha Noah ya zamani, SR40 yenye injini ya 3S-FE, napiga kazi kati ya Mwanza na Sengerema. Mwezi uliopita ilichemsha. Fundi wangu wa Igoma alifungua hedi, yaani kichwa cha injini, akaweka gasketi mpya, na kuchemsha kukaisha. Ila sasa oili inatiririka ubavuni mwa injini, pale hedi inapokutana na bloku, na asubuhi nakuta matone chini. Fundi anasema bolti za hedi zimelegea baada ya kupata moto, kwa hiyo tuzikaze tena kidogo. Bosi naye anauliza kwa nini tusiweke oili nzito zaidi. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Bolti za hedi msiziguse kwa sasa. Inawezekana zina kosa, na hilo nitalifikia, lakini oili unayoiona kwenye maungio ya hedi na bloku haijathibitisha chochote. Oili huteremka. Hutoka juu, hufuata ukuta wa hedi, ikifika kwenye mstari wa gasketi hukuta ukingo mdogo, hapo hujikusanya na kutambaa kuelekea nyuma kwa upepo wa feni na wa mwendo. Ukimulika tochi unaona mstari mzima umelowa, na yeyote atakayechungulia ataapa kwamba gasketi ndiyo inavuja. Gari lililotoka kufunguliwa hedi mimi huanza kuvishuku vitu vilivyovuliwa na kurudishwa juu ya hedi: tapeti kava (kifuniko cha juu kabisa cha injini), sili ya kamshafti (shafti inayofungua valvu), distributa (inayogawa umeme wa plagi) kama yako ni ya distributa. Vyote viko juu ya hapo unapopaona pamelowa.

Kuna jambo linalonichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Ili kuzifikia bolti za hedi za 3S lazima tapeti kava ivuliwe, na kwa utaratibu wa Toyota kamshafti nazo hutolewa. Fundi akishafika huko anaongeza kukaza "kidogo", anarudisha tapeti kava kwa silikoni mpya, na uvujaji unakoma. Sifa zote zinaenda kwenye bolti za hedi, kumbe kilichoziba ni ile silikoni ya juu. Anamsimulia mwenzake, mwenzake anamsimulia mwingine, na ndiyo maana kurudia kukaza hedi kumekuwa dawa ya kila ugonjwa kuanzia Buzuruga mpaka Nyegezi.

Sasa tuzungumze kuhusu bolti yenyewe, maana ukielewa inavyofanya kazi utajua kwa nini "kidogo" ni neno la hatari. Bolti ya hedi haishiki kwa kubanwa tu kwenye uzi. Ikikazwa inavutika, inarefuka kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na ule mvutano wake wa kutaka kurudi ndio unaoikandamiza hedi juu ya gasketi. Ni kama mpira wa tairi unaofungia gunia kwenye keria ya baiskeli: ukiuvuta sawasawa unashika mzigo hata barabara ikiwa mbovu, ukiuvuta kupita kiasi unalegea moja kwa moja na hausaidii tena.

Kwa 3S-FE kiwanda kinataka hatua mbili. Kwanza bolti zote 10 zikazwe kwa awamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, mpaka zifike niutoni-mita 49 (kipimo cha nguvu ya kukazia). Kisha kila bolti inatiwa alama ya rangi kichwani na kuzungushwa nyuzi 90 zaidi, yaani robo ya mzunguko, kwa mpangilio uleule. Hiyo robo haipimwi kwa nguvu, inapimwa kwa pembe, na sababu yake ni msuguano. Unapokaza bolti, sehemu kubwa ya nguvu yako, karibu asilimia 90, inaishia kwenye msuguano wa uzi na wa chini ya kichwa cha bolti. Inayobaki kuivuta bolti ni ndogo sana. Bolti moja ikiwa na kutu na nyingine ikiwa na oili, spana ya kupimia, yaani torki renchi, italia klik kwa namba ileile ilhali mvutano wao ni tofauti kabisa. Kuzungusha kwa pembe kunapunguza udanganyifu huo, kwa kuwa uzi ukisogea robo mzunguko, bolti imevutika kwa kiasi kinachojulikana.

Kwa hiyo bolti iliyofungwa kwa utaratibu huo tayari imevutwa hadi pale mtengenezaji alipotaka. Ukija kuiongeza, unaitoa kwenye mpango. Ama inarefuka moja kwa moja na kukonda shingo, ama inakatika, ama inang'oa uzi wa bloku. Bolti iliyokatikia ndani ya bloku ya chuma ni kazi ya kutoboa na kuchonga uzi upya, na gari litalala wiki nzima huku bosi akidai hesabu.

Fundi wako hajalitoa wazo hilo hewani. Injini nyingi za zamani, za matrekta na malori ya enzi zile, zilikuwa na gasketi nene zilizobonyea zikipata joto, na mwongozo wake ulisema baada ya saa kadhaa za kazi bolti zirudiwe. Waliofundishwa kwenye injini hizo wamewafundisha vijana wao hivyohivyo. Na hata huko ilikuwa na taratibu yake: injini ipoe kabisa, bolti moja ilegezwe kidogo, ikazwe hadi namba yake, ndipo uende ya pili. Kuzipitia zote ukiongeza kwa kuhisi mkono haikuwa taratibu ya mwongozo wowote ninaoujua.

Tuje kwenye kutafuta uvujaji, na hapa sitaki haraka. Injini ya Noah iko chini ya viti vya mbele, joto halina pa kukimbilia, na vumbi la barabara za vijijini limegeuza kila tone la oili kuwa tope jeusi. Katika hali hiyo hakuna anayeweza kuona chochote, hata angekuwa na miwani ya namna gani. Lazima uoshe. Injini ikiwa imepoa, funika alteneta, distributa na soketi za umeme kwa nailoni, pakaa mafuta ya taa kwa brashi kwenye tope lote, kwangua kona, kisha osha kwa maji ya sabuni ya unga na ukaushe kwa upepo wa kompresa. Petroli usitumie. Nimeona vijana wakioshea injini petroli huku betri imeunganishwa na mmoja wao ana sigara mdomoni, na sijui walipona vipi.

Ikishakauka, chukua poda ya watoto ya dukani, inyunyize kwenye ukuta wa hedi, kwenye mstari wa gasketi, mbele kuzunguka puli ya krenki (shafti kuu ya injini), na nyuma pale injini inapoungana na gia boksi. Poda ikae nyeupe sehemu zote. Washa injini, iache sailensa, yaani izunguke bila kukanyaga mafuta, dakika 10 au 15 mpaka ipate moto, huku umeinua viti na tochi iko mkononi. Usianze kuangalia chini. Anza juu kabisa, shuka taratibu. Oili ikichungulia inachora mstari mweusi kwenye poda, na kichwa cha mstari huo ndicho chanzo. Kama hukuona kitu, endesha kilomita chache, rudi uangalie tena. Kuna uvujaji unaokuja tu mzigo ukiwepo.

Mstari ukianzia ukingoni mwa tapeti kava, umefika. Angalia hasa pembe za mbele, pale kifuniko cha kwanza cha kamshafti kinapokaa juu ya hedi. Hapo kuna makutano ya vipande viwili na mpira wa tapeti kava peke yake hauzibi; panatakiwa tone la silikoni kwenye kona. Wengi hupasahau, au hupaka silikoni pande zote isipokuwa hapo. Chunguza pia mpira wenyewe. Kama fundi alirudisha ule wa zamani, ubonyeze kwa kucha: mpira mzima unabonyea na kurudi, uliopikwa na joto unakuwa mgumu kama plastiki na hukatika ukiupinda. Hakuna kukaza kutakakouponya mpira wa namna hiyo. Na nati za tapeti kava zinataka nguvu ndogo. Ukizibana kwa hasira unaipinda kava na kuzalisha uvujaji mwingine. Ukiwa hapohapo, chomoa waya za plagi. Ukikuta oili imejaa kwenye vishimo vya plagi, sili za vishimo hivyo nazo zimechoka, na injini itaanza kukosa moto siku yoyote.

Silikoni nina neno nayo. Ikipakwa nyingi, nusu hutokea nje na fundi huifuta, nusu hutokea ndani na hakuna anayeiona. Ile ya ndani hukatika vipande, hushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Taa ya oili ikiwaka barabarani baada ya kazi ya hedi iliyopakwa silikoni kama siagi, mimi hufungua sampu kabla sijaishuku pampu.

Mstari ukianzia nyuma ya hedi kwenye distributa, ni mpira wa mviringo wa shingo yake, kitu kidogo cha bei ndogo. Huo nao ni mwongo hodari, kwa sababu oili yake hushuka hadi kwenye kengele ya gia boksi, pale inapoungana na injini, na kudondokea palepale ambapo sili ya nyuma ya krenki ingedondokea. Watu wameshusha gia boksi, wamebadili sili ya nyuma, wamepandisha, na matone yameendelea. Kabla hujakubali gia boksi ishushwe, hakikisha poda ya nyuma ya hedi imebaki nyeupe. Na kama gari lako ni la otomatiki, angalia rangi ya tone kwenye boksi jeupe ulilotandika chini usiku: mafuta ya gia huwa mekundu yakiwa mapya, oili ya injini huwa kahawia au nyeusi.

Mbele nako, oili iliyotapakaa kwa duara nyuma ya puli ni ya sili ya krenki. Inayotoka ndani ya kava ya taiming belti yaweza kuwa ya sili ya kamshafti au ya pampu ya oili. Hiyo usiiache, belti ikilowa oili inaharibika kabla ya muda wake. Swichi ya presha ya oili ichomolewe soketi. Ndani ikiwa imelowa, ibadilishwe. Filta ya oili ipapaswe kuizunguka: wakati mwingine mpira wa filta ya zamani hubaki umenata kwenye bloku, mpya ikafungwa juu yake.

Kabla hujanunua mpira wowote, pima kupumua kwa injini. Ikiwa sailensa, fungua kifuniko cha kumwagia oili, weka kipande cha karatasi laini juu ya tundu. Karatasi ikitulia au ikivutwa ndani kidogo, sawa. Ikirushwa juu, ndani kuna presha: ama valvu ya PCV, inayotoa hewa ya ndani ya injini, au mpira wake umeziba kwa uchafu, ama ringi za pistoni zimechoka na moshi wa silinda unashukia kwenye sampu. Presha hiyo itasukuma oili kupitia kila sili dhaifu, na utabadilisha gasketi kila mwezi bila kupona. Valvu ya PCV haina gharama kubwa. Ringi ni habari nyingine, na hapo inabidi bosi aelezwe ukweli.

Sasa tuseme umefanya yote, poda juu ni nyeupe, tapeti kava kavu, distributa kavu, na mstari mweusi unaanzia kwenye ukingo wa gasketi ya hedi yenyewe. Hilo linawezekana. Kuna njia ya oili yenye presha inayopanda kutoka kwenye bloku kwenda kwenye kamshafti, na gasketi ikiwa haikubanwa sawasawa jirani na njia hiyo, oili hutoka nje. Dalili yake ni kwamba inatoka zaidi injini ikizunguka kwa kasi na oili ikiwa bado baridi, kwa sababu ndipo presha ilipo juu. Hapo muulize fundi wako kwa upole, bila kumvunjia heshima mbele ya watu, maswali matatu: alitumia torki renchi? Hedi ilipimwa kama imepinda? Bolti zilipakwa oili kabla ya kufungwa?

Kama torki renchi ilitumika, iangalieni imeandikwa kipimo gani. Nyingi zinazouzwa mjini zina namba za futi-pauni upande mmoja na niutoni-mita upande mwingine. Niutoni-mita 49 ni futi-pauni 36 tu. Aliyesoma 49 upande wa futi-pauni amekaza kwa niutoni-mita 66, kisha akaongeza robo mzunguko juu yake. Na kama hakuna torki renchi kabisa, hesabu ni hii: 49 ni sawa na kilo 5 zikining'inia mwisho wa mkono wa mita moja, au kilo 10 kwenye mkono wa nusu mita. Fundi aliyeweka bomba kwenye spana na kuegemea alipita hapo bila kujua.

Kuna kipimo kimoja kisichoharibu kitu. Tapeti kava na kamshafti zikishatoka, weka torki renchi kwenye 49 na ujaribu kila bolti kwa mpangilio. Bolti iliyofungwa vizuri, robo mzunguko ikiwemo, haitasogea. Spana italia tu. Ikisogea kabla ya klik, haikuwahi kukazwa inavyotakiwa. Lakini kuipata bolti kama hiyo si ruhusa ya kuikaza na kufunga kava. Gasketi imeshabonyezwa vibaya, imepata moto, oili imeshapita kati yake. Inatolewa, inawekwa mpya.

Kazi hiyo ikirudiwa, simama hapo na uangalie. Hedi ya aluminiamu ifunguliwe injini ikiwa baridi, bolti zilegezwe kwa awamu kutoka pembeni kuja katikati; anayeng'oa bolti za katikati kwanza injini ikiwa ya moto anaipinda hedi kwa mikono yake. Kwa kuwa gari lilichemsha, hedi ipimwe kwa rula iliyonyooka na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia pengo): upande wa bloku, pengo likizidi milimita 0.05 iende kusawazishwa kwa mashine. Wasiisugue kwa msasa wa grainda, ule unga wake unakula beringi. Bolti zipangwe pamoja zilinganishwe, iliyorefuka au iliyokonda itupwe. Halafu jambo ambalo wengi hawalifikirii: matundu ya bolti kwenye bloku yakaushwe kwa upepo mpaka chini. Likibaki na maji au oili, bolti ikishuka inakibana kimiminika kisicho na pa kwenda, spana inalia mapema, na bloku inaweza kupasuka. Oili inapakwa kiasi kidogo tu kwenye uzi na chini ya kichwa cha bolti.

Hujaniuliza kwa nini lilichemsha, na ningependa kujua kama fundi alikuuliza. Mwanza iko juu, ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya sufuria hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kofia ya rejeta ikishika presha yake, maji ya injini yanavumilia hadi kama 115. Kofia ikichoka, unabaki na 96, na injini yako inafanya kazi karibu kabisa na hapo. Kofia ni kitu cha bei ndogo, badilisha leo. Themostati kama ilitupwa, irudishwe. Maji ya ziwa usiweke kwenye rejeta, yana udongo. Tumia maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu. Tena zamani pale Kigongo mlipokuwa mnangoja pantoni, dereva alipata nafasi ya kufungua na kukagua maji na oili. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 mnavuka bila kusimama, kwa hiyo ukaguzi huo ufanye kituoni, kabla abiria hawajapanda, na kofia ya rejeta uifungue injini ikiwa imepoa.

Kuhusu bosi na oili nzito: injini ya zamani kama hii kutoka 10W-30 kwenda 20W-50 kwa joto la huku si kosa, na matone yanaweza kupungua kidogo. Mpira uliokauka hautalainika kwa hilo. Mwambie aweke kwanza fedha ya mpira wa tapeti kava na valvu ya PCV. Mpaka uvujaji upatikane, pima oili kila asubuhi gari likiwa mahali tambarare, tembea na lita moja ndani ya gari, na ukisikia harufu ya oili inayoungua chini ya kiti, simama ufungue: manifodi ya eksozi iko hapohapo, na oili ikiidondokea inaweza kushika moto.